Uchambuzi wa maudhui

Uchambuzi wa maudhui ni mbinu ya utafiti inayochunguza maandishi, picha, hotuba au vipindi vya redio kwa kuvigawa katika vipande na kuvipanga katika makundi yenye ufafanuzi maalumu. Katika masomo ya jamii na mazingira hutumika kujua jinsi magazeti, sera au mihtasari ya mikutano ya vijiji inavyozungumzia misitu, maji, wanyamapori na tabianchi.

Historia

Mbinu hii ilikua pamoja na uchunguzi wa propaganda za vita, hasa kazi za Harold Lasswell wa Marekani. Mwaka 1952 Bernard Berelson aliieleza kuwa ni ya kiidadi, yaani kuhesabu yale yanayoonekana wazi katika matini. Siegfried Kracauer alimpinga muda mfupi baadaye: kuhesabu tu huacha maana nje. Siku hizi watafiti wengi huunganisha njia zote mbili, ndiyo maana huitwa mbinu mseto.

Utaratibu

Mtafiti huchagua sampuli, husoma sehemu yake, kisha huandika mwongozo wa kuainisha. Watu wawili au zaidi huainisha matini zilezile bila kushauriana. Kiwango cha kukubaliana kwao hupimwa, kwa mfano kwa alfa ya Klaus Krippendorff, ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu na 0 ni sawa na kubahatisha. Kwa kawaida hutakiwa angalau 0.80.

Mfano

Mwaka 2004 Maxwell Boykoff na Jules Boykoff walichapisha uchambuzi wa habari 636 kuhusu ongezeko la joto duniani, kutoka magazeti manne makubwa ya Marekani ya miaka 1988 hadi 2002. Zaidi ya nusu (asilimia 52.65) zilitoa uzito ulio karibu sawa kwa hoja kwamba binadamu anachangia ongezeko hilo na kwa hoja kwamba linatokana na mabadiliko ya asili tu. Kila habari peke yake ilionekana kuwa ya haki. Zilipohesabiwa pamoja ndipo ilipoonekana kuwa msomaji alipewa picha ya mgawanyiko ambao haukuwepo kwa kiwango hicho miongoni mwa wanasayansi. Hata hivyo, hesabu hiyo isingewezekana bila kwanza kusoma na kuamua "uzito sawa" ni nini.

Matatizo

Programu za kompyuta huhesabu maneno haraka, lakini hazitambui maana kila mara. Katika Kiswahili neno "mazingira" hutajwa pia katika habari za watoto wanaoishi katika mazingira magumu, na mwanasiasa "aliyechafua hali ya hewa" hajatoa moshi wowote. Kwa upande mwingine, jambo moja huandikwa "tabianchi", "tabia nchi" au "mabadiliko ya hali ya hewa". Anayetafuta neno moja tu hupata idadi pungufu, na anaweza kudhani gazeti limenyamaza kumbe limetumia jina jingine.