McDonnell Douglas DC-10
McDonnell Douglas DC-10 ni ndege kubwa ya abiria yenye injini tatu iliyotengenezwa Marekani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1970.

Sifa yake iliharibiwa hasa na mlango wa mizigo, ambao uliweza kuonekana umefungwa ilhali makomeo hayajashika. Mwaka 1972 mlango huo ulichomoka angani karibu na Windsor, Kanada, lakini ndege ilitua salama. Onyo hilo halikutosha: tarehe 3 Machi 1974 kasoro ileile iliangusha ndege ya Turkish Airlines karibu na Paris. Sakafu iliporomoka, nyaya za kuongozea ndege zikaharibika, na watu wote 346 wakafa.

Ajali ya Chicago ya mwaka 1979, iliyoua watu 273, ilitokana na matengenezo mabaya ya kishikizo cha injini; hata hivyo umma uliilaumu ndege yenyewe. Safari za mwisho za abiria zilifanywa na Biman ya Bangladesh mwaka 2014.