CBGB: Baa ya Mtaa wa Bowery Iliyolea Bendi za Roki

CBGB ilikuwa baa katika nyumba namba 315, mtaa wa Bowery, Manhattan, jijini New York. Hilly Kristal aliifungua Desemba 1973, mahali alipokuwa akiendesha baa nyingine kabla yake. Jina lilitokana na mitindo mitatu aliyotaka ipigwe humo: kantri, blugrasi na bluzi. Mitindo hiyo haikuvuta watu. Walioijaza baa ni vijana wa roki ambao kampuni za kurekodi zilikuwa bado hazijawatupia macho.

Bowery wakati huo ilijulikana kwa walevi, watu wasio na makazi na nyumba za kulala za bei ya chini. Mojawapo ilikuwa ghorofani, juu ya baa yenyewe. Bendi changa nazo zilikuwa na uhaba wa kumbi. Jengo lenye kituo cha sanaa cha Mercer, walikokuwa wakipiga New York Dolls, liliporomoka Agosti 3, 1973 na kuua watu wanne. Kwa bendi iliyotaka kupiga tungo zake, milango iliyobaki wazi ilikuwa michache.

Bendi ya Television, ya Tom Verlaine na Richard Lloyd, ilipanda jukwaa la CBGB kwa mara ya kwanza Jumapili, Machi 31, 1974. Ramones, vijana wanne wa Forest Hills, walifuata Agosti 16 mwaka huohuo. Mwanzoni wasikilizaji walikuwa wa kuhesabika, na wengi wao walikuwa wanamuziki wa bendi nyingine.

Kristal aliweka masharti mawili: kila bendi ibebe vyombo vyake, na ipige hasa nyimbo ilizotunga yenyewe. Viingilio vya mlangoni vilikuwa vya bendi, mauzo ya vinywaji ya baa. Kwa mpango huo, mwenye baa hakuwa na malipo ya kupoteza kwa kukaribisha bendi isiyojulikana, na bendi ilipata kulingana na watu iliowavuta.

Sharti la utunzi ndilo lililozaa matunda makubwa zaidi. Bendi za kukopi hufanana. Hapa kila moja ililazimika kutafuta sauti yake. Ramones walipiga nyimbo za dakika mbili hivi, moja ikiunganishwa na nyingine kwa kasi. Television walirefusha nyimbo kwa magitaa mawili yaliyojibizana. Patti Smith alighani mashairi yake juu ya muziki wa roki. Talking Heads, waliowatangulia Ramones jukwaani Juni 1975, walijenga nyimbo zao juu ya midundo iliyopangwa kwa uangalifu, nao Blondie waliegemea nyimbo laini za kuchezeka. Jina la panki liliwafunika wote, ingawa hawakufanana.

Julai 1975 Kristal aliandaa tamasha la bendi 40 hivi ambazo zilikuwa hazijarekodi. Magazeti yaliandika, na kampuni za kurekodi zikaanza kufika. Albamu ya kwanza ya Patti Smith ilitoka Novemba 1975. Ya Ramones, iliyogharimu takriban dola 6,400 kurekodiwa, ilitoka Aprili 1976.

Katika miaka ya 1980, mastaa wa kwanza walipokwisha kuhamia kumbi kubwa, baa ilifungulia mlango kizazi kingine. Maonyesho ya Jumapili mchana yaliwapa jukwaa vijana wa panki kali zaidi, wakiwemo Agnostic Front, na walio chini ya umri wa kunywa pombe nao waliweza kuingia.

Mwaka 2005 ulizuka mgogoro wa kodi ya pango na taasisi ya kuhudumia wasio na makazi iliyokuwa mpangishaji. Patti Smith alipiga onyesho la mwisho Oktoba 15, 2006. Kristal alifariki Agosti 2007, na mwaka uliofuata chumba kikawa duka la nguo. Kufikia wakati huo Ramones, Talking Heads, Blondie na Patti Smith, wote waliokulia katika jukwaa hilo dogo, walikuwa wameshaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame.