Chukudu ya mtoto inarithiwa namna gani?

Ndugu na dada zangu, wengi wetu hapa Lubero na Butembo tulijua chukudu kwanza kama kitu cha kuchezea: mbao moja, magurudumu mawili, mkono wa kushika, na mteremko. Kumbe iko na historia yake. Historia hiyo inatusaidia kujibu swali moja: ukikuta chukudu yako ya utoto imechakaa, utaitengeneza namna gani ili mtoto wa leo airithi?

Chukudu kubwa, ile ya mizigo, ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Ndio wakati uchumi wa Zaire ulianza kuvunjika. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yaingie mikononi mwa raia. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Vipuri vikakosekana, barabara zikaachwa. Mkulima akabaki na viazi na kabichi juu ya kilima, soko liko chini. Mbao ikachukua kazi ya gari. Fundi anaweza kumaliza chukudu moja kwa siku moja hadi tatu, na inabeba mamia ya kilo. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua pale Goma sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, kwa heshima ya jasho la watu.

Ile ya mtoto ni umbo lilelile, ndogo tu. Mwili ni mkaratusi. Magurudumu ni mti mgumu, yamevalishwa kauchu ya mpira wa gari iliyopigwa misumari midogo. Na kila sehemu inakwisha kwa wakati wake: kwanza kauchu, kisha magurudumu, mwisho mwili.

Mwaka jana nilitengeneza ile yangu juu ya mtoto wa dada yangu. Mwili ulikuwa mzima, lakini magurudumu yalikuwa yameliwa na wadudu. Tulikata mengine mapya, tukavalisha kauchu mpya, tukabadilisha na mkono. Mtoto akauliza: «Mjomba, sasa hii bado ni yako?» Nikampa nyundo, misumari iliyobaki akaipiga yeye.

Swali lake ni la kweli. Kama urithi ni mbao zilezile, basi hakuna chukudu inayorithiwa, juu kila fundi anabadilisha kitu. Kinachopita toka mkono hadi mkono ni ujuzi: kuacha mkaratusi ukauke polepole kivulini, maana ukikauka haraka unapasuka, kujua mti gani utavumilia mawe, kukata kauchu ili isiteleze.

Na hapo mimi mwenye kusoma kilimo niko na wasiwasi. Mti mgumu ambao mafundi wanaupenda kwa magurudumu ni mumba, ule wataalamu wanaita Prunus africana. Ganda lake linatafutwa huko Ulaya kwa dawa ya tezi dume, na sehemu za Beni, Butembo na Lubero zimeliuza kwa miaka mingi. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ukitoa ganda upande mmoja na kuacha mwingine, mti unaweza kupona. Ukilitoa kuzunguka shina lote, unakufa. Mkaratusi ukikatwa unachipuka na kukua haraka. Mumba unataka miaka mingi. Tena mbegu zake hazingoji: zikishachumwa, inafaa zipandwe mapema.

Kuna jambo lingine zito. Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, familia nyingi zilikimbia kuelekea kaskazini, kwa njia ya Lubero na Butembo. Mama akikimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria. Kitu cha kuchezea kinabaki nyumbani. Lakini mtoto aliyefundishwa kutengeneza chukudu anaweza kuanza tena mahali popote, akipata kisu, kipande cha mbao na mpira mkuukuu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukirudi kijijini likizo hii na ukakuta chukudu yako ya zamani, usiitundike ukutani kama picha. Usiitengeneze peke yako usiku ili umshangaze mtoto asubuhi. Mwite akae karibu, ashike msumeno, aharibu gurudumu la kwanza, akate la pili. Na kama familia iko na kipande cha shamba, pandeni mumba miwili au mitatu pembeni. Sisi hatutakata miti hiyo. Watoto wao labda wataikata, na watakuwa wanajua ya kufanya nayo.