Nauli ya Pauni 59: Asili ya Safari Nafuu za Angani na Pointi za Wasafiri

Msafiri wa zama hizi, atafutaye nauli nafuu ya kwendea ng'ambo huku akihesabu pointi zake, aghalabu hudhani kwamba mambo hayo mawili yametokana na ukarimu wa makampuni ya ndege. Lakini tarikhi yashuhudia kinyume chake, maana nauli nafuu ilipatikana kwa ushindani na kwa mashtaka mahakamani, na pointi zikabuniwa ili kuwafunga wasafiri ambao nauli hiyo ilikwisha wafungua.

Mwezi wa Aprili 1945, mjini Havana, makampuni ya ndege yaliunda shirika la IATA, na kwa muda wa miongo mitatu nauli za kimataifa zikawa zapangwa katika vikao vyake na kupewa idhini na serikali, wala mwanachama hakuruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo. Walichungana hata katika chakula: mwaka 1958, ilipoanzishwa daraja ya nauli ya chini ya kuvuka Atlantiki, ambayo abiria wake walistahiki sandwichi tu, kampuni ya SAS ya Skandinavia ilishtakiwa na wenzake kwa kuzijaza sandwichi zake vitoweo vingi mno, ikatozwa faini. Asiye na fedha alikuwa na milango miwili ya kupenyea. Aliweza kupanda Loftleiðir ya Iceland, isiyokuwa mwanachama wa IATA, iliyowapitisha abiria Reykjavik kwa mwendo wa taratibu hadi Luxembourg. Au kupanda ndege ya kukodi, ambayo kwa sharti ilichukua wanachama wa chama kimoja waliokwisha timiza miezi sita tangu kujiunga, sharti lililozaa vyama vya jina tu na kadi zenye tarehe za uongo.

Freddie Laker, Mwingereza mwenye ndege za kukodi, alichoshwa na hila hizo. Mwaka 1971 aliomba ruhusa ya safari aliyoiita Skytrain, baina ya London na New York, ambayo mtu yeyote angenunua tiketi siku ile ile ya kuondoka, bila ya kuweka nafasi, na chakula akilipie mbali. Alipewa leseni, kisha serikali ikamgeuka mwaka 1975. Naye akamshtaki Waziri wa Biashara, na mwezi wa Desemba 1976 Mahakama ya Rufaa, chini ya Lord Denning, ikaamua kwamba Waziri alivuka mipaka ya mamlaka yake. Kwa rai yangu, hukumu ile imemfaa msafiri wa kawaida kuliko pointi zote zilizopata kugawiwa. Tarehe 26 Septemba 1977 ndege ya kwanza iliondoka Gatwick kwa nauli ya pauni 59. Wakubwa nao wakashusha bei zao kumkabili, madeni ya dola yakamlemea, na tarehe 5 Februari 1982 kampuni yake ikafa.

Marekani, wakati huo, sheria ya 1978 ilikuwa imekwisha anza kuondoa udhibiti wa nauli za ndani. American Airlines, ikihofia kupoteza wateja wake bora, iliwatambua kwa hesabu za kompyuta yake ya kuwekea nafasi, SABRE, na tarehe 1 Mei 1981 ikazindua AAdvantage: kila maili iliyosafiriwa iliandikwa kwa jina la abiria, hata akajipatia tiketi ya bure. Kampuni ya United ilifuata baada ya siku chache tu. Hesabu hiyo ya maili haikudumu. Mwaka 2015 Delta na United, na mwaka uliofuata American yenyewe, zilianza kutoa pointi kwa kadiri ya fedha zilizolipwa, na mwenye tiketi nafuu akapunjwa.

Mifumo hiyo imetufikia Afrika Mashariki kwa mapatano ya makampuni, kwani Kenya Airways iliingia SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian Airlines, inayotumiwa na wengi wetu, iliingia Star Alliance mwaka 2011. Basi, ewe msomaji, tanguliza kuitafuta nauli, na pointi zifuate. Kabla hujalipa, uliza kama tiketi yako yahesabiwa kwa umbali au kwa fedha. Na pointi zikishatimia, zitumie, kwa sababu kampuni yaweza kuibadili thamani ya pointi hizo wakati wowote bila ya kukutaka shauri.