Jasho la Waridi

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa marashi ya mawaridi ya Damascus. Chupa ile ilikuwa imekata jangwa na bahari ili mgeni anukie.

Ufundi wa kukeneka ulikuwa umeshakomaa. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, anahesabiwa kuwa mwandishi wa kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji. Kanuni ni ileile hadi leo: mvuke hupita kwenye maua, hubeba mafuta yake, hukutana na ubaridi na kurudi kuwa maji. Mafuta hujitenga, na maji hubaki yameshika harufu. Kule Jebel Akhdar, Oman, mawaridi huchumwa alfajiri mwezi wa Aprili, hutiwa chunguni juu ya jiko la udongo, na juu yake hukaa bakuli la maji baridi. Maji yapatikanayo hunukia moshi kidogo, na ndiyo yatiwayo kwenye halua na kahawa.

Pwani yetu, marashi haya yana heshima yake: kwenye maulidi na harusi mrashi hupita kila safu. Pemba, kiwanda cha Wawi hukeneka makonyo ya karafuu, ambayo mafuta yake huzama chini ya maji badala ya kuelea.

Sasa twende Gurei, magharibi mwa Juba, Sudan Kusini, ambako ufundi huohuo hutoa araki, pombe kali. Neno araki asili yake ni Kiarabu, maana yake jasho, na wanawake wengi wa Juba wamesomesha watoto kwa jasho hilo: sufuria iliyozibwa mdomo, mrija unaopita kwenye beseni la maji, tone kwa tone hadi chupa ijae. Kanuni ni ileile ya chungu cha Oman; tofauti kubwa ni kile kinachochemka ndani. Baada ya sheria za Septemba 1983 za Sudan, zilizopiga marufuku pombe, wanawake wa kusini waliokimbilia Khartoum walijazwa katika gereza la Omdurman kwa ufundi huu. Ilikuwa dhuluma, na inaniuma kila nikiikumbuka.

Mama wa Gurei, mkono wako unajua moto na ubaridi kuliko kitabu chochote. Tafuta sufuria mpya na mrija safi, tia maji na mchaichai badala ya pombe, kinga maji yake ya harufu kwenye chupa iliyochemshwa na uyatunze pabaridi. Yanuse kwanza, ndipo uyauze.