Kisomo cha Watu Wazima

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Babati ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha. Katika madarasa ya ubatizo, wazee waliweza kuijibu Katekisimo kwa kichwa bila kujua herufi. Sasa walishika kalamu. Kwa Wagorowa na Wairaqw, kujifunza kusoma kulikuwa pia kujifunza Kiswahili, mzigo ambao takwimu haziuonyeshi. Nchini, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, na chini ya 10 mwaka 1986. Vitabu, hata hivyo, havikuenea kama vyeti. Uchumi ulipodhoofika, madarasa yalififia. Sensa ya 2002 ilikuta karibu theluthi moja ya watu wazima hawajui kusoma. Waliokuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo waliendelea kusoma kila Jumapili.