Mifumo Iliyotawanyika ya Kusajili Kasoro za Programu

Hizi ni zana ambazo, badala ya kuziweka taarifa za kasoro katika seva moja, huzihifadhi ndani ya hazina ileile ya msimbo, hata kila fundi mwenye nakala yake akawa na daftari zima, aweze kulisoma na kuliandika pasipo intaneti.

Baadhi yazo, mathalani Bugs Everywhere na Ditz, ziliweka taarifa katika faili za kawaida kando ya msimbo. Ditz huipa kila kasoro faili yake ya YAML, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu. Utaratibu huu una fadhila kubwa, kwani rekebisho na kufungwa kwa kasoro huingia katika badiliko moja; lakini una madhara vilevile, maana kasoro iliyofungwa katika tawi moja la msimbo hubaki wazi katika jingine, na wawili wakihariri mstari mmoja, hapana budi mtu aketi kuwasuluhisha.

Fossil, iliyotungwa na D. Richard Hipp, mwasisi wa hifadhidata ya SQLite, iliikwepa adha hiyo: kila badiliko la tiketi, yaani taarifa ya kasoro, ni kumbukumbu ya kudumu, na hali ya tiketi hupatikana kwa kuyasoma mabadiliko yote kwa mfuatano wa wakati. Git-bug, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ni jamaa yake, nayo huyahifadhi mabadiliko ya kila kasoro ndani ya hazina ya Git yenyewe, ikiyapanga kwa hesabu ya Lamport, yaani nambari zionyeshazo lipi limetangulia lipi, kwa kuwa saa za kompyuta hazioani. Kwa rai yetu njia hii ya kuweka kila badiliko kama kumbukumbu ndiyo bora. Ila mtumiaji wa kawaida, asiye na nakala ya hazina, naye ndiye aonaye kasoro kwanza, huhitaji mlango wa kuleta malalamiko, na Fossil, iliyobeba tovuti ndani yake, ilimkumbuka mapema.